Chakula cha Kware wa Mayai: Uwiano wa Protini na Madini katika Gramu Ishirini na Tano

Kware jike aliyekomaa ana uzito wa gramu 120 hadi 160 tu, na bado anatarajiwa kutaga yai la gramu 10 karibu kila siku. Yai hilo ni kama sehemu moja ya kumi na nne ya mwili wake. Kuku wa mayai mwenye kilo 1.8, atagaye yai la gramu 60, hutoa sehemu moja ya thelathini. Kwa kipimo cha mwili, basi, kware hufanya kazi iliyo mara mbili ya kuku, na huianza mapema: wiki ya sita au ya saba tangu kuanguliwa, wakati kifaranga wa kuku bado hajatofautishwa vizuri kama ni jogoo au tembe.

Kazi hiyo yote hulipwa na chakula cha gramu 20 hadi 25 kwa siku. Ni kiasi kisichojaza kiganja cha mtu mzima. Mkazi wa Ngarambe aliyechukua mkopo wa kikundi, ule usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, akanunua kware mia moja, ameweka marejesho yake ndani ya kiganja hicho. Ndege wakitaga mayai yenye gamba laini, au wakiacha kutaga baada ya miezi miwili, marejesho hayasubiri.

Somo hili linahusu jambo moja ambalo wafugaji wengi hulikosea kwa nia njema. Gole la kware ni dogo. Kila kijiko cha kitu kimoja unachoongeza humfukuza mwenzake. Mfugaji akiona gamba laini akamwaga chokaa kwa wingi, amepunguza protini. Akiona mayai madogo akajaza dagaa, amepunguza wanga wa kumpa ndege nguvu, na huenda ameongeza chumvi. Kwa hiyo swali la kwanza daima liwe: katika gramu 25 hizi, kipi kimepungua na kipi kimezidi?

Tuanze na protini. Viwango vinavyotumiwa na wataalamu wa lishe ya ndege huweka asilimia 20 ya protini katika chakula cha kware anayetaga, na asilimia 24 kwa kifaranga. Chakula cha kuku wa mayai kinachouzwa madukani, ambacho ndicho wengi huwapa kware kwa sababu ndicho kilichopo, huwa na asilimia 16 hadi 17. Tofauti ya tarakimu tatu au nne yaweza kuonekana ndogo, lakini ifuatilie hadi ndani ya ndege. Kware anayekula gramu 22 za chakula chenye asilimia 20 hupata gramu 4.4 za protini. Yai lake lina takribani gramu 1.2. Zilizobaki hujenga manyoya, hutengeneza damu na misuli, na sehemu kubwa hupotea katika usagaji na utoaji wa taka. Kwa chakula cha asilimia 16, ndege yule yule hupata gramu 3.5. Pengo la karibu gramu moja kwa siku halionekani wiki ya kwanza, kwa kuwa ndege hujitoa mwilini mwake. Huonekana baadaye: mayai hupungua uzito, kisha idadi, na ndege huanza kudonoana na kunyofoana manyoya.

Hata hivyo, asilimia pekee haitoshi. Protini ni jina la jumla la mkusanyiko wa vijenzi vingi, na kware hutaga kwa kufuata kijenzi kilichopungua zaidi. Viwili ndivyo vinavyokosekana mara nyingi katika vyakula vyetu, laisini na methionini. Mahindi yana upungufu mkubwa wa laisini. Mashudu ya ufuta yana methionini nyingi lakini laisini haba. Soya na jamii ya kunde ni kinyume chake. Dagaa ana zote mbili. Mpishi wa pwani amelijua jambo hili bila kusoma majina yake, ndiyo maana wali hupelekwa mezani pamoja na kunde, na muhogo pamoja na samaki. Kware anahitaji mezani kwake kitu kile kile.

Wilaya yetu ina nafasi nzuri hapa. Ufuta ni zao la kila msimu. Mpunga wa bonde la Rufiji hutoa pumba. Dagaa na uduvi hutoka upande wa delta. Tatizo ni ubora wa vitu hivyo vinapofika, na hapo ndipo fedha ya mfugaji hupotelea.

Pumba za mpunga ni za aina mbili, na muuzaji asiye mwaminifu huzichanganya. Pumba laini, ile ya rangi ya maziwa yenye mafuta kidogo ukiibana, ina protini ya asilimia 12 hivi. Makapi, yaani maganda magumu yanayochoma mkono, yana asilimia 3 tu na hayasagiki tumboni mwa ndege. Chukua ukufi, ubane kwa nguvu, kisha ufungue mkono. Pumba nzuri hushikana kidogo, makapi huanguka yote.

Dagaa na uduvi huuzwa kwa mizani, na mchanga una uzito. Tia kijiko cha dagaa waliosagwa ndani ya glasi ya maji safi, koroga, usubiri dakika chache. Mchanga hutua chini na utauona kwa macho. Ukijaza sehemu ya kumi ya kile ulichotia, umenunua ufuo. Kisha onja. Dagaa waliokaushwa kwa chumvi wana chumvi inayozidi mahitaji ya ndege huyu mdogo, na kware waliopewa chumvi kupita kiasi hunywa maji mfululizo, huharisha, na hufa. Anayetumia dagaa wa chumvi asiongeze chumvi nyingine katika mchanganyiko wake, na ni afadhali kuwaosha na kuwaanika upya.

Soya lazima ipikwe au ikaangwe vizuri. Ikiwa mbichi ina viini vinavyozuia tumbo kusaga protini, nayo hugeuka kuwa hasara ndani ya chakula kizuri. Mashudu ya pamba yaachwe kwa ng'ombe, kwa kuwa yana sumu yenye madhara kwa ndege wa mayai na hubadili rangi ya kiini.

Juu ya mahindi tuseme jambo moja kwa uzito. Mahindi yaliyoota kuvu hayafai kwa mtu, na wengi huona kwamba yanafaa kwa ndege. Hayafai. Sumukuvu huharibu ini, na ini ndilo linalotengeneza kiini cha yai. Tunakumbuka mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara ilipopoteza watu kwa sumukuvu ya mahindi. Tunakumbuka pia mafuriko ya Aprili 2024 katika Rufiji na Kibiti, na magunia yaliyolowa kisha yakaanikwa ili yasipotee. Gunia la namna hiyo lisiingie bandani.

Sasa tugeukie madini, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo malalamiko mengi huanzia.

Gamba la yai la kware lina uzito wa takribani gramu 0.8, na ndani yake mna kalsiamu ya gramu 0.3 hivi. Ndege hawezi kuinyonya kalsiamu yote anayokula. Kwa wastani hupata nusu yake au zaidi kidogo. Ili aweke gramu 0.3 katika gamba, basi, anahitaji kula kama gramu 0.55. Gawanya kwa gramu 22 za chakula, utapata asilimia 2.5, ambayo ndiyo kiwango kinachopendekezwa kwa kware anayetaga. Chakula cha kuku wa mayai kina asilimia 3.5 hadi 4, kwa kuwa kuku hula kidogo kulingana na gamba kubwa analolitengeneza.

Msomaji makini ameshaona hitimisho. Mfugaji anayelisha chakula cha kuku wa mayai kisichochakachuliwa hana upungufu wa kalsiamu. Alichonacho ni upungufu wa protini, na kalsiamu iliyokwisha kuzidi. Akiongeza maganda ya chaza juu yake, anazidisha kile kilichozidi. Kalsiamu nyingi mno hufanya chakula kisiwe kitamu, hivyo ndege hula kidogo zaidi. Huzuia fosforasi na zinki zisinyonywe. Huchosha figo. Kwa kifaranga ni hatari kubwa zaidi: mahitaji yake ni asilimia 0.8 tu, na kumpa chakula cha mama zake kabla ya wiki ya tano ni kumharibu figo kabla hajataga yai la kwanza.

Anayechanganya chakula mwenyewe kwa mahindi, pumba na mashudu ndiye mwenye hatari ya upande wa pili. Nafaka karibu hazina kalsiamu. Mwili wa kware una akiba, mfupa laini ulioko ndani ya mifupa ya miguu, ambao hujengwa siku chache kabla ya kuanza kutaga na huchotwa kila gamba linapotengenezwa. Chakula kisipoirudisha akiba hiyo, ndege huanza kuchota mifupa yenyewe. Hutaga mayai mazuri kwa muda, jambo linalomdanganya mfugaji, kisha siku moja hukutwa amelala ubavu, miguu imelegea, na mbawa ikivunjika akishikwa. Wengine husema ni ugonjwa wa kupooza, wengine hutafuta mkono wa jirani. Mara nyingi ni mifupa iliyogeuzwa magamba na kuuzwa sokoni.

Chanzo cha kalsiamu si lazima kiwe cha dukani. Maganda ya chaza na kome kutoka delta ni kalsiamu kabonati karibu tupu, yenye kalsiamu ya asilimia 38 hivi. Kwa sisi tulio mbali na bahari, maganda makavu ya konokono wa shambani ni kitu kile kile. Yaoshwe, yaanikwe, yatwangwe hadi yawe chenga ndogo kama mtama uliovunjwa, si unga mtupu. Chenga hukaa katika firigisi na kuyeyuka polepole, nayo ni faida, kwa kuwa kware wengi hutaga alasiri na gamba la yai linalofuata hujengwa usiku kucha, wakati ndege hali. Maganda ya mayai yanafaa pia, baada ya kuchemshwa dakika 10, kukaushwa na kusagwa hadi yasifanane na yai; ndege akizoea umbo lake atajifunza kula mayai yake.

Kuna chokaa na chokaa. Chokaa ya mifugo ni jiwe lililosagwa bila kuchomwa. Chokaa ya kupaka ukuta imechomwa tanuruni, kama ile iliyochomwa tangu zamani pwani kwa matumbawe, nayo huunguza mdomo na gole. Isitumike hata kidogo. Na anayetaka kujua kama unga aliouziwa ni wa maganda au ni mchanga mweupe, akamue ndimu juu yake. Unga wa maganda hutoa povu. Mchanga hautoi kitu.

Fosforasi huhitajika kidogo, asilimia 0.35 ya ile inayonyonyeka. Nafaka zina fosforasi, lakini theluthi mbili hivi imefungwa katika hali ambayo ndege hawezi kuifungua. Dagaa pamoja na mifupa yake hutoa sehemu nzuri, na kilo moja ya unga wa mifupa au DCP katika kilo 100 hukamilisha. Unga wa mifupa ununuliwe uliotengenezwa kitaalamu. Ngarambe imepakana na eneo la wanyamapori, na mifupa hupatikana porini bila kutafutwa sana, isiokotwe. Mnyama aliyekufa kwa kimeta huacha vimelea vinavyodumu miaka mingi katika mfupa na udongo, na anayeutwanga mfupa huo kinuni ndiye wa kwanza kuvivuta puani.

Vitamini D ndiyo inayoiingiza kalsiamu mwilini. Kware waliofungiwa chumba chenye giza, bila jua na bila mchanganyiko wa vitamini na madini uitwao primiksi, watataga magamba laini hata wakilala juu ya maganda ya chaza. Primiksi ni gramu 250 tu katika kilo 100. Hatuoni sababu ya kubania hapo.

Ufuatao ni mchanganyiko wa kilo 100 unaoweza kutengenezwa kwa vitu vya ukanda wetu: mahindi yaliyoparazwa kilo 48.5, mashudu ya ufuta kilo 10, mashudu ya alizeti kilo 10, dagaa waliosagwa, wasio na chumvi, kilo 10, soya iliyokaangwa na kusagwa kilo 8, pumba laini za mpunga kilo 7, chenga za maganda kilo 5, unga wa mifupa au DCP kilo 1, primiksi gramu 250, chumvi gramu 250. Protini yake ni asilimia 20 na kidogo, kalsiamu asilimia 2.5, iwapo viungo ni vizuri. Asiyepata mashudu ya ufuta kwa wakamuaji wa mafuta aweke badala yake kilo 6 za alizeti, kilo 2 za dagaa na kilo 2 za soya. Protini itakaribia 19.8, tofauti isiyotisha. Vitu vya uzito mdogo vichanganywe kwanza na kilo mbili za unga wa mahindi, kisha viingizwe katika rundo kubwa, la sivyo ndege mmoja atakula chumvi ya wote.

Kware mia moja hula kama kilo 2.5 kwa siku, yaani kilo 75 kwa mwezi. Usichanganye zaidi ya chakula cha wiki tatu. Dagaa, soya na pumba vina mafuta, na kwa joto letu mafuta huchacha. Chakula kikinuka kama samli ya zamani, vitamini zimekwisha kuharibika.

Asiye na uwezo wa kukusanya viungo vyote hivyo anayo njia fupi. Achukue sehemu tisa za chakula cha kuku wa mayai na sehemu moja ya dagaa waliosagwa, kwa mizani. Protini hupanda hadi asilimia 20 hivi. Kalsiamu itakuwa juu kuliko inavyotakiwa, lakini ndege anayetaga huivumilia. Wengine hutumia chakula cha vifaranga na kuongeza maganda. Hesabu yake inakubali, ila mifuko mingi ya vifaranga ina dawa ya kuzuia ugonjwa wa kuharisha damu, na dawa hiyo hupita katika yai. Soma mfuko kwanza.

Limebaki swali lisilopendeza. Dagaa wanaokwenda bandani ni wale wale ambao mtoto angekula. Katika gramu 4.4 za protini zinazoingia kwa kware, 1.2 tu hutoka katika yai. Nyumba yenye watoto wanaokula ugali kwa mboga za majani pekee haina sababu ya kupeleka dagaa wazima kwa ndege. Tumieni vumbi la dagaa, vichwa vya kamba na mashudu, ambavyo havipikwi, na mayai yasiishie yote sokoni. Mayai matano ya kware ni sawa na yai moja la kuku, na mtoto wa miaka mitatu huyapenda kwa udogo wake. Tunasema mayai ni chakula bora. Hatusemi ni dawa. Nchini Kenya, mwaka 2013, kware walitangazwa kuwa tiba ya kila maradhi, watu wakauza mali wawanunue, na mwaka 2014 bei ikaporomoka. Waliobaki na ndege ni wale waliojua gharama ya chakula chao.

Kujua kama chakula kinatosha hakuhitaji maabara. Kila Jumamosi pima mayai kumi kwa pamoja. Yakiwa gramu 100 hadi 110, endelea. Yakishuka chini ya 90 huku gamba likiwa gumu, tazama protini. Uzito ukiwa mzuri lakini magamba ni laini au yamepauka, tazama kwanza maji na joto, kwani kuanzia Desemba hadi Machi ndege huhema, hula kidogo, na gamba hupungua hata kwa chakula kizuri. Wape maji ya baridi na chakula asubuhi na jioni. Kisha ndipo utazame maganda na primiksi. Kutaga kukikoma ghafla katika banda zima, pamoja na kukohoa, kuharisha kijani au shingo kupinda, hilo si suala la chakula. Muite afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo, wala usiuze wala kuhamisha ndege yeyote.

Kware wa porini wanaoonekana mashambani na katika eneo la hifadhi ya jamii ya MUNGATA wasikamatwe kuongezea banda. Wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na hata hivyo hawatagi mwaka mzima kama wa kufugwa. Kabla ya kununua ndege wa kwanza, pitia ofisi ya mifugo na ya wanyamapori uulize vibali vinavyohitajika, ukiwa na jina la mahali unapokusudia kuwanunua.